Kubwaga Si Uonevu

Wapo watakaostaajabu kuona mtu wa makamo kama mimi, niliyezoea kuandika katika ukurasa huu habari za mashairi, ngoma na harusi zetu, leo naandika habari za michezo ya televisheni ambayo vijana huiita gemu. Naomba wanistahimilie. Jambo hili nalo ni la utamaduni, maana mchezo anaoucheza mtoto kutwa ni sehemu ya malezi yake, tupende tusipende. Na hasa nataka kusema juu ya kitendo kimoja katika michezo ile ya kupigana, nacho ni kumkamata mwenzako na kumbwaga. Nimewasikia wengi wakikiita uonevu. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Sasa sisemi tena hivyo, na sababu zangu ni hizi.

SAFARI YA WITEITHIE

Dada yangu alinijia nyumbani Mombasa usiku mmoja, baada ya sala ya isha, uso umemsawijika. Mwanawe yuko bara akisoma chuo, naye amepanga chumba Witeithie. Kwa wasioujua mji huo, uko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, ukishaipita Juja. Jina lake ni la Kikuyu, na maana yake ni kumwambia mtu ajisaidie mwenyewe. Mwenye nyumba alikuwa amepiga simu kwamba kodi ya mwezi haijalipwa, ilhali dada alikwisha ituma zamani.

"Kaka, nenda ukamtazame," aliniambia. "Nasikia hushinda katika kibanda cha gemu."

Nikapanda gari moshi, kisha matatu, nikafika alasiri. Kibanda chenyewe ni cha mabati, ndani mna televisheni nne na mabenchi, na vijana wamejaa pomoni. Nilimwona mpwa wangu amekaa mbele, macho hayabanduki kwenye kioo. Sikutoa hata salamu. Nilimshika mkono kwa nyuma nikamtoa nje mbele ya wenziwe wote, nao wakacheka. Hakubisha. Usiku kucha hakunena nami neno ila "Ndiyo, mjomba" na "Hapana, mjomba."

Asubuhi, tukinywa chai, ndipo aliposema: "Mjomba, jana umenikamata pasi na mahali pa kutokea. Hata katika gemu mtu hupewa nafasi ya kujinasua."

Neno hilo lilinichoma. Nilitaka kumkemea, kisha nikaona bora nimwulize maana yake. Basi akanieleza, na baada ya kusali alasiri tulirudi pamoja kibandani, nami nikaketi kwenye benchi nikatazama.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo wanaoupenda pale ni Tekken, ambao ulitengenezwa Ujapani na kampuni ya Namco. Ulianza katika kumbi za michezo mwaka 1994, ukaingia majumbani kwa mashine ya PlayStation mwaka 1995. Wao wanalo toleo la saba, lililofika majumbani mwaka 2017. Watu wawili husimama uso kwa uso, na kila mchezaji ana padi mkononi. Padi ina vitufe vinne vya kupigia, na kila kitufe ni kiungo kimoja cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Anayetaka kujikinga hubonyeza kurudi nyuma, na maadam amesimama hivyo, ngumi na mateke ya juu na ya kiunoni hayamdhuru.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Duru moja ni sekunde 60, na zikiisha, aliyebakiwa na nguvu nyingi ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu aweza kukudonoa mara moja tu, akakupita kwa nguvu kidogo, halafu akajifungia ndani ya kinga kama kobe ndani ya gamba lake, akingojea saa iishe. Utampiga mpaka vidole vikuume, usimfanye kitu.

Dawa ya kobe huyo ni kumkamata. Kinga huzuia pigo. Mikono inayokuja kushika haizuiliki kwa kinga. Ukimkaribia aliyejibana hivyo ukamtia mikononi, humwinua ukambwaga chini, na nguvu zake hupungua sana. Wanaoujua mchezo hulieleza jambo hili kwa mambo matatu yanayozungukana. Kinga humshinda anayepiga. Kukamata humshinda anayejikinga. Na pigo humshinda anayekuja kukamata, kwa sababu akiwa mbioni na mikono iko wazi, ngumi humwahi. Hapana hata kimoja kilicho juu ya vingine vyote. Kila kimoja kina mkubwa wake.

Tena kukamata kuna gharama zake, ambazo wanaolalamika huzisahau. Kwanza, ni lazima uwe karibu sana, na kumsogelea mtu anayengojea kukupiga ni hatari. Pili, katika Tekken mwenzako akichutama kwa wakati wake, mikono yako hupita juu ya kichwa chake ikashika hewa. Tatu, ukikosa unabaki umejinyosha mbele yake kama mlevi, naye hukupiga atakavyo. Na anayechutama naye hana raha, kwa kuwa yapo mapigo ya kiunoni yanayompata aliyechutama barabara. Kwa hivyo kila mmoja hukaa akikisia: je, mwenzangu atasimama, atachutama, au atapiga?

Mpwa wangu alinionyesha mwanamieleka mmoja wa mchezo huo, jina lake King, mwenye kichwa cha chui. Huyo kazi yake ni kukamata. Aweza kukubwaga, na kabla hujatua akakushika tena, akakutia kabari, akakuinua mara ya tatu. Husemwa kwamba watengenezaji walimfananisha na padri mmoja wa kweli wa Meksiko, aliyejulikana kwa jina la Fray Tormenta, ambaye kwa miaka mingi alivaa kifuniko cha uso akipigana mieleka ili apate fedha za kuwalisha mayatima. Nilipoisikia habari hiyo, nilimtazama yule mwenye kichwa cha chui kwa jicho jingine.

NJIA YA KUJINASUA

Sasa tuje kwenye lile neno la mpwa wangu. Aliyekamatwa hakupotea bado. Katika toleo lile la saba, mwenzako anapokukamata kwa mbele, unapewa kitambo kifupi kujibu. Lakini mara nyingi jibu lenyewe ni lazima lilingane na mkono. Ukiona mkono wa kushoto ndio unaotangulia, bonyeza kitufe cha mkono wa kushoto. Ukitangulia wa kulia, bonyeza wa kulia. Ikija yote miwili sawasawa, bonyeza vyote viwili. Ukipatia, wote wawili mnaachana mkiwa mmesimama, na hakuna aliyepoteza kitu. Ukikosea, chini.

Jambo moja lilinigusa mno. Ukikamatwa kwa nyuma, hapana kitufe cha kukuokoa. Niliukumbuka mkono wangu jana yake, nikanyamaza.

Mchezo mwingine mashuhuri, Street Fighter, una kanuni zake. Toleo la sita, lililotoka mwaka 2023, huonyesha picha 60 kwa kila sekunde, na kukamata kwa kawaida hutimia kwa picha 5 tu, yaani sehemu moja ya 12 ya sekunde. Kwa muda huo jicho halijawahi kuona na kidole kikajibu. Anayejinasua huwa amekwisha mjua mwenziwe: amemwona anavyosogea, ameikumbuka duru iliyopita, akajua kwamba sasa atakuja kushika. Ama huruka juu, maana aliye hewani hashikiki kwa mkono huo, ama hubonyeza vitufe vya kujinasua kabla ya kuona chochote. Huku ni kusoma moyo wa mtu.

Nasi tusijifanye kwamba haya ni mageni kwetu. Utotoni tulipigana mieleka ufuoni, maji yakitoka. Aliyejikunyata akakataa kupambana hakuachwa akae hivyo hadi magharibi. Alishikwa kiunoni akatiwa ngwara, mgongo ukagusa mchanga. Lakini kila mmoja wetu alikuwa amefundishwa na wakubwa jinsi ya kupanua miguu, jinsi ya kuuvunja mshiko, jinsi ya kuanguka bila kuumia. Ndiyo sababu hatukumwita mtu mwonevu kwa kutubwaga. Tulijifuta mchanga tukarudi tena.

KARATASI UKUTANI

Katika kibanda kile nilikuta kipande cha katoni kimetundikwa juu ya televisheni, kimeandikwa kwa kalamu nzito: MARUFUKU KUBWAGA. Nilimwuliza mwenye kibanda sababu. Ni kijana mpole, akanijibu kwa adabu.

"Mzee, kuna mmoja alibwagwa mara tatu mfululizo na mtu anayecheza na King. Akakasirika, akaitupa padi ukutani, ikavunjika. Padi ni ghali. Nikaona bora nikataze kubwaga, tukae kwa amani."

Nikamwuliza, "Padi aliivunja nani? Aliyebwaga au aliyebwagwa?"

Akacheka, lakini hakuwa na jibu.

Basi tazama marufuku hiyo ilizaa nini. Katika kibanda kile yupo kijana mmoja hodari wa kujikinga. Zamani alikuwa mchezaji kama wengine, mara ashinde, mara ashindwe, kwa sababu aliyejibana kama yeye alikuwa akikamatwa. Ilipokuja katoni ile, akawa mfalme. Hudonoa mara moja, hujifungia, saa huisha. Ni kweli kwamba iko njia nyingine ya kumfungua, ya kumpiga mateke ya chini miguuni, lakini yule amekwisha yazoea na huyaona yakija. Wa kumtoa katika gamba lake ni yule anayeweza kumkamata, na huyo amefungwa mikono kwa sheria.

Na juu ya hayo, wameanza kuwekeana fedha. Shilingi hamsini, shilingi mia. Kodi ya mpwa wangu iliteketea hapo.

Hapa nataka nieleweke vyema. Kamari ni haramu, na sitamtafutia mpwa wangu udhuru. Alikosa, naye alikiri mbele yangu macho yakiwa chini. Hata katoni ile ingeondolewa leo, fedha zile zingekuwa haramu vilevile kwa aliyeshinda na kwa aliyeshindwa. Lakini lazima tuseme pia kwamba sheria iliyowekwa kwa ajili ya amani iligeuka kuwa kiota cha mjanja. Aliyevunja padi hakuambiwa kitu. Hasira haikupigwa marufuku. Kilichopigwa marufuku ni kile kilichowafanya watu wote wawe sawa.

WENYEWE WALIFANYAJE?

Ugomvi huu haukuanzia Witeithie. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991, ikajaza kumbi za michezo Ujapani, Marekani na Ulaya, katika kumbi nyingi wachezaji walipatana kwamba kubwaga ni aibu, na aliyebwaga alitukanwa, pengine hata akavutwa shati. Katika mchezo ule wa kwanza malalamiko yao yalikuwa na haki kidogo, maana aliyeshikwa hakuwa na njia ya kupunguza maumivu.

Kampuni ya Capcom iliyoutengeneza ilifanya nini? Haikuondoa kubwaga. Katika toleo la mwaka 1994 ilimpa aliyeshikwa nafasi: akibonyeza kwa wakati wake, hutua kwa miguu, na madhara hupungua. Matoleo ya baadaye yakaenda mbele zaidi, aliyeshikwa akaweza kujinasua kabisa. Yaani waliiona dhuluma mahali ilipokuwa. Kushikwa wakakuacha, ila wakahakikisha kwamba aliyeshikwa ana la kufanya.

Na waliojifunza katika vibanda visivyo na marufuku wamefika wapi? Arslan Siddique, kijana wa Lahore, Pakistani, anayejulikana kwa jina la Arslan Ash, alikulia katika kumbi za mitaani kwao. Mwaka 2019 alikwenda Ujapani akashinda mashindano makubwa ya Tekken 7 ya EVO, na mwaka huohuo akashinda yale ya EVO huko Las Vegas, Marekani, kwa kumshinda Mkorea mashuhuri aitwaye Knee katika fainali. Dunia ilishangaa, yeye akasema kwao wako wengine wengi wenye uwezo. Hapa kwetu Kenya, Sylvia Gathoni, binti anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alichukuliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa sababu ya uhodari wake katika Tekken. Hakuna mmoja wa hawa anayekutana na mpinzani aliyekatazwa kumkamata. Kijana wetu aliyelelewa chini ya katoni ile, siku atakayotoka nje ya kibanda chake atabwagwa na kila mtu, naye hatajua hata kitufe cha kubonyeza.

NGUVU NI IPI?

Sisi tulio Waislamu jambo hili lisitutatize. Imepokewa katika sira kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipata kushindana mieleka na Rukana, mtu wa nguvu wa Makka, akamwangusha. Kwa hiyo kumwangusha mtu katika mchezo wa halali si aibu. Lakini tunalo pia fundisho lake mashuhuri, lililopokewa na Bukhari na Muslim, linalopima nguvu za mtu kwa jinsi anavyoizuia nafsi yake akighadhibika, wala si kwa idadi ya watu aliowabwaga. Mafundisho haya mawili hayapingani. La kwanza laturuhusu mchezo. La pili latuonyesha pa kuanzia mtoto anapotupa padi ukutani.

Pa kuanzia ni moyo wa yule mtoto. Akae nje duru mbili, alipe padi, halafu afundishwe kuutazama mkono unaotangulia. Kumwondolea kila kitu kinachomkasirisha ni kumlea awe mtu asiyeweza kushindwa bila kuvunja kitu. Na dunia, kama mjuavyo, haina katoni ya kutundika ukutani.

Najua watakaosema, "Hizi gemu zote ni upuuzi na fujo, afadhali vibanda vifungwe." Vibanda hivyo viko hata huku kwetu pwani, si bara tu. Simlaumu mzazi anayesema hivyo, maana kuna mtoto anayekosa sala na masomo kwa ajili ya kioo, na fedha za kodi zinazopotea nimeziona mimi mwenyewe. Saa ziwekwe, sala itangulie, na fedha zisiwekwe mezani kabisa. Lakini anayefunga mlango bila kuingia ndani hujikinga tu. Mimi nilikuwa kobe wa namna hiyo. Nilikuwa na nasaha zangu tayari, na wala sikujua mpwa wangu anacheza nini, na nani, na kwa nini anashindwa.

Tuliketi na mwenye nyumba tukapatana. Nusu ya kodi nililipa mimi; nusu ya pili mpwa wangu anailipa kwa kazi ya kupakua mizigo dukani siku za Jumamosi. Mama yake nilimwambia kweli yote, kama alivyonituma. Mpwa wangu aliapa kutoweka tena senti moja kwenye mchezo, nami nimemwamini, ingawa nitauliza. Yule mwenye kibanda nilimsihi mambo mawili: akataze kamari, na aondoe ile katoni. La kwanza alilikubali palepale. La pili alisema atalifikiri. Nilipoondoka bado ilikuwa imening'inia.

Kituoni, nikingoja matatu, nilimwomba mpwa wangu radhi kwa kumshika kwa nyuma mbele ya wenziwe. Si desturi yetu mjomba kumwomba mpwa radhi, na yeye alitahayari kuliko mimi. "Yamekwisha, mjomba," akasema.

Basi wenye vibanda, popote mlipo, teremsheni karatasi hizo muwafundishe vijana kujinasua. Nasi wazee, kabla hatujamshika mtoto mkono, tuingie, tutoe salamu, tuketi kwenye benchi walau duru moja. Tukimshika baada ya hapo, tumshike kwa mbele, auone mkono unaokuja, naye apate nafasi ya kujibu.